Nilienda Kingston kuangalia meli, nikaishia kwenye foleni ya mapipa

Mi nimekulia Kurasini. Kwa wasioijua Dar, Kurasini ni pale ambapo usiku unalala na honi za meli na asubuhi ukitoka kwenda shule unapita katikati ya malori yaliyopanga foleni toka juzi, madereva wamening'iniza nguo kwenye vioo wanapiga mswaki barabarani. Babu yangu alikuwa kuli enzi za gunia mgongoni, baba yangu akawa karani wa kuhesabu mizigo, na mimi nina kaofisi ka klaringi, yaani kuwatolea watu mizigo yao bandarini, meza mbili na printa moja inayokwama. Kwa hiyo nikifika mji wowote wenye bahari, wenzangu wanaulizia bichi, mi naulizia gati liko wapi. Ni ugonjwa, najua.

Sasa dada yangu kaolewa Kingston, Jamaika. Miaka sita hajaja nyumbani na sisi hakuna aliyewahi kwenda, nauli yenyewe ukiitazama unafunga laptop polepole. Desemba iliyopita nikajikaza, Dar hadi Doha, Doha hadi London, London hadi Kingston, na ile ya mwisho masaa kama kumi hivi nimekaa katikati ya mama mmoja aliyelala begani kwangu na mzee aliyesali njia nzima. Tunashuka kutua nachungulia dirishani, kushoto maji, kulia maji, hakuna mji, ndege inazidi kushuka. Nikasema basi, rubani kakosea. Kumbe uwanja wa Norman Manley umejengwa juu ya ulimi wa mchanga mwembamba unaoitwa Palisadoes, umetoka nchi kavu ukajinyoosha baharini kama mkono unaozuia mtu asipite. Upande mmoja bahari ya Karibi inapiga mawe, upande wa pili maji yametulia kama ya kwenye beseni. Hilo beseni ndiyo bandari.

Shemeji alinipokea. Ni dereva wa trela, anabeba makontena, kwa hiyo Mungu aliniletea shemeji wa saizi yangu. Kiswahili anajua maneno manne, shemeji, mambo, njaa, na moja ambalo dada yangu amemfundisha na siwezi kuliandika hapa. Kabla hatujafika hata nusu ya ule ulimi wa mchanga kashanieleza kwamba bandari yao ni ya saba kwa ukubwa duniani kati ya zile za asili, ambazo hazikuchimbwa na mtu. Aliirudia jioni, na kesho yake. Mi sibishi, maana nikiipiga jicho ni kweli kitu kikubwa, urefu kama kilomita 16, upana zaidi ya tatu. Pale kwetu Magogoni meli ikiingia unaweza kumpungia mkono baharia na akakuona, na panton, kile kivuko cha Kigamboni, inabidi isubiri. Hapa meli inaingia inapotelea.

Kesho yake tukaenda Port Royal, kule kwenye ncha ya ulimi, ndipo mlango wa bandari ulipo. Sasa hivi ni kijiji cha wavuvi, watu wanakuja wikendi kula samaki wa kukaanga na bammy, ambao ni mkate wa muhogo wa duara, mnene, unalowekwa kwenye maziwa au tui kisha unakaangwa (nilikula mitatu, nikaanza kuona kwamba sisi muhogo hatujautendea haki). Ila karne ya 17 hapa ndipo palikuwa mji wenyewe, mji wa maharamia na wafanyabiashara, hela na pombe na kila dhambi. Tarehe 7 Juni 1692, kabla ya saa sita mchana, likapiga tetemeko, mchanga ukageuka uji, na theluthi mbili ya mji ikaingia baharini. Watu kama 2,000 walikufa siku hiyo hiyo na wengine wengi wakafa kwa maradhi yaliyofuata. Waliobaki wakavuka maji kwenda ng'ambo, ndiyo ikaanza Kingston. Uwanjani kwa kanisa la St Peter's kuna kaburi la Mfaransa mmoja, Lewis Galdy, jiwe lake linasema ardhi ilimmeza, tetemeko la pili likamtapika baharini, akaogelea hadi akaokolewa, akaishi mpaka 1739. Shemeji akasema huyo ndo alikuwa na TRN mbili. TRN ni namba ya mlipa kodi, kama TIN yetu. Ikumbukeni hiyo TRN, inarudi.

Lakini mi nilikuja kuona makontena, na nikaona.

Kuna daraja la kulipia linalovuka Hunts Bay kwenda Portmore, ukiwa juu yake unaona kituo chote cha makontena, zile kreni ndefu zimesimama mstari kama twiga wanakunywa maji. Kilianza 1975. Tuliegesha chini ya daraja, kwa wavuvi, nikakaa pale nusu saa nahesabu, na kitu kilichonishangaza ni kwamba mbele ya geti hakuna vurugu. Meli kubwa kweli ipo gatini, kreni zinafanya kazi mfululizo, boksi zinashuka boksi zinapanda, lakini malori yanayotoka nje ni machache, foleni hamna. Nikamuuliza shemeji leo ni sikukuu? Akacheka. Akasema mzigo mwingi humo ndani hauji Jamaika. Unashuka kwenye meli kubwa, unalala uani siku chache, unapanda meli nyingine ndogo kwenda visiwa vingine au Amerika ya Kati au unakoenda. Kingston ipo karibu sana na njia ya meli zinazotoka mfereji wa Panama kupanda mashariki mwa Marekani, na mfereji ulipopanuliwa Juni 2016 meli zikawa nene zaidi, kila bandari ya ukanda ule ikakimbilia kuchimba kina. Hapa toka tarehe 1 Julai 2016 kituo kinaendeshwa chini ya CMA CGM, kampuni ya meli ya Wafaransa, mkataba wa miaka 30.

Miaka 30! Nilivyosikia hiyo namba nikacheka peke yangu, shemeji hakuelewa, ikabidi nimsimulie 2023 yetu, mkataba wa Bandari ya Dar na DP World, kampuni ya Dubai, jinsi nchi nzima ilivyogeuka wanasheria, vijiwe vya kahawa watu wanasoma vifungu vya mkataba, baba na mjomba wangu hawakuongea mwezi mzima. Akaniuliza, sasa iliishaje? Nikamwambia wameanza kuongea.

Ila hapo chini ya daraja ndo nilielewa kitu ambacho kwenye kazi yangu nilikuwa sijawahi kukifikiria. Sisi mzigo wa Kongo na Zambia ukishuka Dar bado una safari ya kwenye ardhi yetu. Dereva atakula Chalinze, atalala Mikumi, atagombana na mtu Makambako, atakaa wiki Tunduma, atajaza mafuta, atanunua vitunguu, atapata mtoto mahali. Ule mzigo unaacha harufu. Wa Kingston wenyewe hauvuki hata barabara. Unakuja unagusa lami ya uani unaondoka, mji mzima unaona kreni zikipepesa taa usiku na ndani ya yale maboksi hakuna hata pea ya soksi yao. Shemeji anasema hela inaingia serikalini na kuna watu wana ajira, sikatai, lakini mi nimekulia kwenye bandari ambayo inakupigia kelele mlangoni, hii ya ukimya ilinipa huzuni kidogo.

Pale pembeni kuna uwanja mwingine umejaa magari yametoka Japani, mengine ya kubaki mengine yanasubiri meli za visiwa vingine, na ndugu zangu, Probox! Probox nyeupe mpaka jicho linachoka. Wajamaika nao wanaendesha kushoto, usukani kulia, kwa hiyo wananunua kwenye soko lile lile tunalonunua sisi, na Probox ndo daladala yao, namba nyekundu, watu wanne nyuma, boneti lina stika ya Yesu. Kwetu tungeita mchomoko. Nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la ofisi bila maelezo, watu wote wakajua niko Morogoro.

Mjini kati, pale chini baharini, ndipo zamani palikuwa na magati. Yalikuwa yamechomoza majini kama vidole, kila kampuni na kidole chake, mpaka miaka ya 1960 wakahamishia kazi Newport West kwenye ardhi waliyoifukia, vidole vikang'olewa. Sasa ni barabara pana ya kutembea, benki kuu, makumbusho ya sanaa, wazee wanavua samaki wadogo kwa uzi wa mkononi. Kuna sanamu pale inaitwa Negro Aroused, kazi ya Edna Manley, mtu mweusi kifua wazi kainua kichwa juu kabisa kama anayetoka usingizini. Imewekwa pale kwa ajili ya wafanyakazi wa 1938. Mei ya mwaka ule makuli wa Kingston waligoma, mji ukafuata, wafagiaji, madukani, kila kitu kikasimama, Alexander Bustamante, kiongozi wao, akakamatwa, makuli wakasema haturudi kazini mpaka atoke, akatoka. Huyo ndiye aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza 1962.

Nilikaa chini ya ile sanamu muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kwa sababu babu yangu alikuwa ananisimulia mgomo wa makuli wa Dar wa 1947, alikuwa kijana mbichi, anasema hawakuwa na kitu, walikuwa na migongo tu na wakaikalia. Ndo maneno yake hayo, "tuliikalia migongo yetu." Hajawahi kusikia mji unaoitwa Kingston. Na huku Kingston, miaka tisa kabla, watu wenye mabega kama yake wamefanya kitu kile kile kwa bosi yule yule Mwingereza. Hakuna aliyempigia mwenzie simu.

Tuje kwenye pipa.

Mama mkwe wa dada yangu anaishi Brooklyn. Aliondoka Jamaika 1988, shemeji ana miaka saba, akaenda kulea wazee wa watu wengine, shemeji akabaki na bibi yake. Na kila Desemba linakuja pipa. Lile pipa refu la bluu la plastiki ambalo mtu mzima anaweza kujificha ndani, linajazwa vitu mwaka mzima kidogo kidogo, mchele, nyama ya kopo, mafuta, viatu, madaftari, sabuni, linafungwa kwa ringi ya chuma, linapanda meli. Hata sasa hivi shemeji ana miaka arobaini na kitu na trela lake na nywele zinaanza mvi, mama bado anatuma. Ukimwambia mama mchele huku upo, anakasirika. Kule kuna jina kabisa la watoto waliolelewa hivyo, watoto wa mapipa, na mtafiti Claudette Crawford-Brown wa Chuo Kikuu cha West Indies ndiye aliyeliandikia sana kuanzia miaka ya 1990. Shemeji hilo jina halipendi. Anasema yeye alikuwa na mama, alikuwa mbali tu.

Basi siku hiyo dada ananiamsha saa kumi na moja alfajiri, "we si klaringi, twende ukatoe mzigo." Nikavaa shati la kola kabisa.

Tulifika ghala moja huko karibu na bandari bado giza na tayari kuna watu kama mia, wengine na viti vya kukunja, wengine na watoto wamelala kwenye magari. Ndo nikaiona sasa ile bandari niliyoikosa chini ya daraja. Wauza kahawa, wauza maji, jamaa wa karanga na kikokoteni chake chenye bomba linalopiga filimbi kwa mvuke, piiiii, haikatiki, masaa manne mazima, utadhani sufuria ya mtu imesahaulika jikoni. Mama anauza patty, ambayo ni kama sambusa iliyonenepa ikapakwa binzari. Na mikokoteni ya mizigo! Hii lazima niieleze. Mbao, matairi madogo ya gari, na usukani. Usukani wa gari kweli kweli, umetolewa kwenye gari lililokufa, jamaa anasimama nyuma anaendesha kama yuko kwenye Scania, anakata kona anapita katikati ya watu anapiga kelele tupishe. Nilitaka kununua mmoja. Dada akauliza utaubebaje kwenye ndege, nikasema mi ndo klaringi.

Utaratibu wao ni huu, unakuja na karatasi ya taarifa ya kufika mzigo, kitambulisho, na ile TRN, unalipa wakala, unalipa ghala, kisha unaitwa mbele ya ofisa wa forodha pipa linafunguliwa unaulizwa. Rahisi ukiandika. Saa mbili tukapewa namba. Saa tano wakasema pipa letu halionekani. Mi nikaanza kupanda joto, nikamsogelea kijana wa kaunta nikaanza kumweleza mambo ya manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, na kwamba kama lilishuka lazima kuna mtu alilisainia, kwa Kiingereza changu cha ofisini, yule kijana ananiangalia kama anaangalia redio. Dada akanivuta mkono. "Mdogo wangu nyamaza, kaa, kula karanga." Nikakaa, nikala karanga. Saa nane kasoro likapatikana nyuma ya mapipa mengine, limebandikwa lebo ya mtu mwingine kabisa, na mwenye lebo yake yupo, bibi mmoja mfupi mwenye kofia ya kanisani, naye kakaa toka alfajiri anasubiri pipa ambalo limeandikwa jina lake lakini ni letu, na la kwake lina jina letu. Walivyogundua, yeye na dada yangu walikumbatiana wakacheka mpaka yule bibi akakaa chini.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, kucha nyekundu. Akafungua ringi, kifuniko kikatoka, na ikatoka harufu. Sijui niielezeje. Sabuni ya unga, dawa ya meno, viatu vipya vya raba, na chini yake mchele, vyote vimekaa wiki kadhaa kwenye joto ndani ya plastiki mpaka vimekuwa harufu moja. Akauliza kuna nini humu, dada akasema vyakula na nguo, mama akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa kama mkunga, akachomoa kiatu kimoja, ndani ya kiatu kuna soksi, ndani ya soksi kuna vipande viwili vya sabuni vimezungushiwa gazeti. Akatikisa kichwa akatabasamu. "Huyu anajua kupakia," akasema, akakirudisha kiatu pale pale alipokitoa, taratibu, kwa adabu, akagonga muhuri.

Shemeji alikuwa kazini siku nzima, alirudi usiku tukiwa tumeshaliingiza sebuleni. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja, akatoa kifuniko, akainama akaingiza kichwa kizima ndani ya pipa na kukaa humo. Mi nikadhani anatafuta kitu. Dada akanikonyeza nikae kimya. Alivyotoka macho yamelowa kidogo, akasema utotoni mchele wa Krismasi ulikuwa lazima unuke sabuni, ukioshwa mara nne bado unanuka, na yeye alikuwa anajua watoto wengine wanalalamika, lakini yeye alikuwa anakula polepole ili usiishe.

Krismasi tulikula wali wa nazi na mbaazi. Wenyewe wanaziita gungo na wanadhani ni za kwao. Na rozela ya baridi yenye tangawizi, wanaita sorrel, nilikunywa jagi zima nikiwaambia hii mama yangu anauza Temeke. Hakuna aliyeniamini mpaka nilipowapigia video.

Siku ya kuondoka asubuhi dada alikuwa anapika, akaniambia nitoke nyuma nikamchumie callaloo, ambayo nilishaiona ni mchicha, tuache kudanganyana. Nyuma ya nyumba ukutani kuna mapipa yamepangwa, mengine ya kuhifadhi maji maana yanakatika kama kwetu, mengine yamekatwa nusu yamejazwa udongo. Kila moja lina jina la shemeji kwa kalamu nene, mwandiko ule ule wa mkono mmoja umelala kulia, na mwaka. Ya zamani yamepauka mpaka uyasogelee. Nikapiga kelele nichume lipi.

"La tisini na moja," dada akajibu toka jikoni. "La tisini na nne usiliguse, bado machanga."